Damu Imerudi Safi, Sindano Zinaendelea

Daktari alimshika mama mdogo kidole cha shahada, akakielekeza dirishani, akautazama ukucha kwa muda. Akahamia kidole cha kati. Akarudi tena kwenye cha shahada. Mwisho akatabasamu. "Mama, kucha hizi zimejaa korosho, sioni kitu. Hebu tuone za miguu."

Zilikuwa nyeusi kweli. Anayebangua korosho nyumbani, zile za kukaanga kwenye bati mpaka ganda lishike moto kisha kuzigonga moja moja, mafuta ya ganda humwingia hadi chini ya kucha na sabuni haiyatoi. Mama mdogo anabangua tangu sijaanza shule. Hujipaka majivu mikononi kabla hajakaa chini, na bado ngozi hubabuka, hupasuka, hupona, hupasuka tena. Safari hii mpasuko mmoja karibu na kidole gumba ulitunga usaha. Jipu likakamuliwa pale pale uani, na baada ya siku chache akawa anatetemeka chini ya blanketi katika joto letu hili.

Yaliyofuata mnayajua. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, dawa za dukani hazikusaidia, gari likatafutwa usiku kushuka kutoka Newala hadi Mtwara mjini. Hospitali walimchukua damu kwenda kuotesha, na bakteria walioota ni stafilokokasi aureasi, walewale wa majipu.

Siku ile ya kucha homa ilikuwa imekwisha. Alikuwa anakula, analalamikia mchuzi usio na chumvi, na begi lake lilikuwa limeshafungwa, kwa sababu korosho za mwanzo zilikuwa zimeanza kudondoka na hapakuwa na wa kuokota. Daktari akamaliza kucha za miguu, akamvuta kope za chini, jicho moja kisha jingine, akaweka stetoskopu kifuani na kusikiliza huku amefumba macho. Halafu akasema sindano za mshipani zitaendelea kwa wiki 4, pengine 6, kutegemea kipimo cha moyo kitakavyosema.

Mama mkubwa hakukubali. "Dokta, mwanangu, si mlisema damu ya juzi imerudi safi?"

"Imerudi safi, Mama. Damu sina wasiwasi nayo. Wasiwasi wangu ni kuta."

Akaenda kitanda cha pili.

Jibu lile lilikaa nami kwa wiki kadhaa. Sikuwa na shaka na daktari. Nilichotaka ni kuelewa anaogopa nini hasa.

Tabaka moja la seli

Ninafundisha biolojia sekondari. Jioni za msimu ule wa korosho ziliishia kwenye makala za utafiti, simu mkononi, bando likikata katikati ya ukurasa. Nilianzia mahali rahisi: huo ukuta ukoje?

Ndani kabisa ya kila mshipa wa damu kuna tabaka moja tu la seli bapa, zimepangwa ukingo kwa ukingo kuanzia moyoni hadi kwenye kapilari nyembamba kuliko zote. Juu ya seli hizo, upande damu inakopita, kuna utando laini wa sukari na protini uitwao glikokaliksi. Utando huo una chaji hasi. Bakteria wengi nao kwa nje wana chaji hasi, kwa hiyo wakikaribia wanasukumwa.

Hili lilinishangaza, kwa sababu lina maana kwamba mshipa wenye afya haushikiki. Bakteria huingia kwenye damu zetu mara nyingi kuliko tunavyodhani, hata kwa kupiga mswaki fizi zikachubuka, na baada ya muda mfupi wanakuwa wameondolewa bila mwenyewe kujua. Kazi kubwa hufanywa na ini. Ndani ya ini zipo seli ziitwazo seli za Kupffer, zimekaa kwenye njia ya damu zikinyakua kinachopita. Katika panya wa maabara zimeonekana zikikamata sehemu kubwa ya bakteria ndani ya dakika chache tu.

Kwa hiyo swali la kwa nini bakteria wanang'ang'ania lilibadilika mkononi mwangu. Likawa: nini kinatokea hadi ukuta usioshikika ushikike?

Sehemu ya jibu ni kwamba ukuta wenyewe hubadilika. Mwili ukipata taarifa ya maambukizi, seli za ukuta huamka, na katika sepsisi, yaani maambukizi yanapovuruga mwili mzima, glikokaliksi huanza kumomonyoka. Vipande vyake huweza kupimwa vikielea kwenye damu ya mgonjwa. Panapomomonyoka, seli hubaki wazi.

Mkondo

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu zaidi.

Stafilokokasi mmoja ana upana wa takriban maikromita 1. Elfu moja wakipangwa mstari wanajaza milimita 1. Ni duara tupu, hana mkia wa kuogelea wala kucha. Na damu haimsubiri. Kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni inakwenda kwa makumi ya sentimita kila sekunde. Kwenye kapilari inapungua hadi chini ya milimita 1 kwa sekunde, ambayo kwa kiumbe wa ukubwa ule bado ni kasi kubwa.

Jibu la haraka ni kwamba wanashika mahali damu inapokwenda polepole. Kwa bakteria fulani ni kweli. Yule wa homa ya uti wa mgongo, meningokokasi, huanza kujishikiza kwenye mishipa midogo kwa nyuzi zake ndefu, mkondo ukiwa umelegea, na akishazaliana kuwa kikundi mkondo haumwondoi tena.

Ila jibu hilo halimfai daktari wetu. Yeye alikuwa anasikiliza moyo. Aliogopa vali za moyo, vile vipande vyembamba vinavyofunguka na kufunga kwa kila pigo, mahali ambapo damu inapita kwa nguvu kuliko popote mwilini. Na stafilokokasi anasifika kwa kushambulia vali hizo, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua moyo. Kama mkondo ndio unaombandua, vali za moyo zingekuwa mahali pa mwisho pa kumkuta.

Niliweka simu chini. Kesho yake darasani wanafunzi walinikuta nimeduwaa.

Kinachokaza kikivutwa

Ufunguo niliupata kwenye kazi iliyofanywa Seattle, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2002. Wendy Thomas na wenzake walikuwa wanamchunguza E. koli, bakteria wa utumbo, ambaye ana vinyuzi vyenye protini iitwayo FimH kwenye ncha, na protini hiyo hushika sukari iliyo juu ya seli zetu. Waliongeza kasi ya maji yanayopita juu ya seli na bakteria walioshikana. Mshiko ukaongezeka. Walipopunguza kasi, wakaachiana.

Nilisoma aya hiyo mara kadhaa nikidhani nimeigeuza kichwani.

Sikuwa nimeigeuza. Watoto wa kwetu hutega ndege kwa kitanzi, na kila mtoto anajua kwamba ndege akitulia kitanzi hakimbani. Anapojivuta ndipo kinapokaza. FimH iko hivyo. Ikivutwa hubadili umbo na kushika kwa nguvu zaidi.

Na stafilokokasi? Yeye ana protini juu ya ngozi yake iitwayo ClfA, ambayo hushika fibrinojeni, protini ya kwenye damu inayotumika kugandisha. Mwaka 2018 kikosi cha Yves Dufrêne wa Ubelgiji kilionyesha kwamba ClfA nayo ni ya aina hiyo: ikiguswa polepole inashika kidogo, ikivutwa inashika kwa nguvu ya takriban nanonyutoni 2. Mwaka huohuo watafiti wa Munich, Ujerumani, walieleza siri ya protini ya jamii hiyohiyo kutoka kwa stafilokokasi mwingine, anayeishi kwenye ngozi zetu sote. Mkia wa fibrinojeni huingia kwenye mfereji katikati ya protini, kisha kipande cha protini hujifunga juu yake na kukomea. Ukivuta, vifungo vidogo vyote vinabeba mzigo kwa pamoja, kwa hiyo hakuna kinachoweza kukatika peke yake. Mshiko huo una nguvu kama mara kumi ya ule uliokuwa ukihesabiwa miongoni mwa imara kuliko yote kati ya molekuli hai zisizounganishwa kikemia.

Kwa hiyo mkondo wa moyo haumbandui. Unamkaza.

Sijui kama naweza kueleza vizuri hisia niliyoipata. Hofu ilikuwepo, maana ni mama mdogo aliyekuwa amelala pale. Lakini ilichanganyika na heshima kwa kitu kidogo kiasi kile.

Kilichoshikwa ni chetu

Angalia tena kilichoshikwa. Fibrinojeni. Bakteria hakuja nayo. Ni yetu, inatengenezwa na ini, inazunguka kwenye damu ikisubiri tupate jeraha.

Kuna na kingine. Mwaka 1926 daktari wa Ufini, Erik von Willebrand, aliandika kuhusu familia moja ya visiwa vya Åland iliyokuwa ikitokwa na damu isiyokoma. Protini iliyokuwa na kasoro kwa watu wa aina hiyo leo inabeba jina lake. Seli za ukuta wa mshipa huihifadhi ndani yake, na zikishtuliwa na jeraha au uvimbe huitoa. Nje, mkondo wa damu unaikunjua kuwa nyuzi ndefu zilizoning'inia ukutani, na chembe sahani za damu hunasa hapo ili kuziba tundu. Bila protini hiyo, mpasuko mmoja wa kidole cha mbangua korosho ungeweza kutoa damu kutwa nzima.

Stafilokokasi anatoa protini yake inayoshika nyuzi hizohizo. Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba anaweka protini hiyo katikati, upande mmoja imeshika uzi wa mwili wetu na upande wa pili imeshikwa na ClfA. Baadaye, mwaka 2019, walionyesha kwa panya kwamba njia za kufika kwenye vali ni mbili. Vali iliyochubuka anaishika kupitia fibrini, yaani nyuzi zinazotengenezwa na fibrinojeni damu inapoganda. Vali nzima iliyovimba tu anaishika kupitia nyuzi za von Willebrand na chembe sahani. Hapo nikaelewa kwa nini daktari hakutulia alipoambiwa kuwa mama mdogo hajawahi kuugua moyo. Na huko Dublin, Ireland, Steve Kerrigan na wenzake wamefuatilia daraja jingine: ClfA imeshika fibrinojeni, na fibrinojeni imeshika kipokezi kilicho kwenye seli za ukuta zenyewe.

Siku moja mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa yuko maabara, aliniita nione. Alikuwa na mrija mdogo wa kioo wenye plazima, yaani majimaji ya damu bila chembe zake, akiwa ameutia bakteria na kuuacha kwenye joto la mwili kwa saa chache. "Mwalimu, inamisha." Nikainamisha. Plazima haikusogea. Ilikuwa imeganda pale chini, rangi ya uji mwepesi, na juu yake tone la maji likitembea peke yake. Ndivyo wanavyomtambua stafilokokasi aureasi: humlazimisha agandishe plazima mbele ya macho yao. Anafanya hivyo kwa kitu kiitwacho koagulasi, na ndani ya mwili anajigandishia hivyohivyo. Akishashika ukuta anajifunika kwa damu yetu iliyoganda, na askari wa mwili wanamkuta amejificha chini yake.

Nilirudi nyumbani kwa miguu siku ile, ingawa bodaboda zilikuwepo.

Kucha, tena

Basi, kucha. Pale bakteria walipojijenga kwenye vali, panaota uvimbe wa fibrini, chembe sahani na bakteria wenyewe. Gramu 1 ya uvimbe huo inaweza kuwa na bakteria zaidi ya bilioni 1. Moyo haupumziki, vipande vinakatika, vinakwenda na damu hadi vinapokwama kwenye mshipa mdogo. Vikikwama chini ya ukucha huweza kuonekana kama mistari myembamba ya damu, mithili ya kibanzi kilichoingia. Ndani ya kope la chini ni vidoa vyekundu. Vikikwama kwenye ubongo ni kiharusi.

Daktari alikuwa anasoma ukuta wa moyo kupitia vidole. Mafuta ya korosho yakamfungia ukurasa, akaenda miguuni.

Kucha za miguu hazikuwa na kitu. Kipimo cha moyo nacho, kilipofanyika, hakikuonyesha uvimbe kwenye vali. Familia ilishangilia. Daktari alifurahi pia, ila akasema uvimbe mdogo unaweza usionekane mara ya kwanza, na sindano zikabaki palepale.

Nataka niseme kitu kuhusu kanula, ule mrija wa plastiki wa kupitishia dawa mshipani, maana ndugu wa wagonjwa tunaiona kila siku na hatuijali. Plastiki ikikaa ndani ya mshipa, protini za damu huifunika mapema sana, fibrinojeni ikiwa mojawapo. Kuanzia hapo nayo ni ukuta. Ukimwona muuguzi anauliza kama panauma, anabonyeza pembeni, anaitoa na kuhamia mkono mwingine, mwache afanye. Nilimsikia jirani wa kitanda akifoka kwamba mgonjwa wake anatobolewa ovyo. Hatobolewi ovyo.

Vivyo hivyo damu "nyingi" wanayochukua kuotesha. Kwa mtu mzima mwenye maambukizi kwenye damu, mara nyingi mililita 1 haina hata bakteria 10. Wakichukua kidogo, wanaweza kuwakosa kabisa. Na hilo ndilo lililomaliza ubishi wangu na lile neno "safi". Chupa inaeleza kilichokuwa kinaelea dakika ile.

Sisi wa mkoa wa malaria

Kushika ukuta si ujanja wa bakteria peke yao, na huku kusini hili linatugusa. Kimelea cha malaria kali, falsiparamu, huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kuivalisha protini inayonata kwenye kuta za kapilari, ili chembe hiyo isipite kwenye bandama ikaharibiwa. Mwaka 2013 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba malaria kali inahusiana na vimelea vinavyoshika kipokezi kiitwacho EPCR, ambacho kazi yake ya kawaida ni kuzuia damu isigande ovyo na kutuliza ukuta. Kimelea kikikishika, kazi hiyo inavurugika.

Tumeizoea malaria kiasi kwamba homa yoyote tunaipa jina lake. Lakini kazi iliyofanywa Muhimbili kwa watoto waliolazwa mwaka 2001 na 2002 ilionyesha kwamba maambukizi ya damu ya bakteria wa kundi la Gram hasi, jamaa za E. koli na salmonela, yaliua kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya malaria. Mtoto mwenye homa ambaye kipimo cha malaria ni hasi hajapewa cheti cha uzima. Hapo ndipo kazi ya kutafuta inapoanza.

Kwa nini hatuwabandui?

Hili lilikuwa swali la mama mkubwa nilipomweleza yote haya jioni moja tukimenya mihogo. Kama wanajulikana wanashika kwa nini, si watengeneze dawa ya kuwaachisha?

Wamejaribu. Kingamwili iliyotengenezwa maabara ili kuifunga ClfA ilifika kwa wagonjwa miaka ya 2000 na haikuleta faida iliyotarajiwa. Pfizer walitengeneza chanjo yenye shabaha nne, ClfA ikiwa moja, wakaijaribu kwa watu wanaofanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo. Mwaka 2018 jaribio likasimamishwa kwa kuwa halikuonyesha dalili ya kuzuia maambukizi. Kwangu mimi sababu kubwa ni kwamba stafilokokasi hana mshiko mmoja. Ukimfunga ClfA anazo protini nyingine za kushika fibronektini, protini nyingine ya mwili wetu, na nyingine, na nyingine. Na ukisema uondoe kinachoshikwa badala ya kinachoshika, unaondoa fibrinojeni na nyuzi za von Willebrand, na mgonjwa anatokwa na damu hadi afe. Mama mkubwa alisikiliza, akasema, "Basi amejificha nyuma yetu sisi wenyewe." Sikuwa na cha kuongeza.

Kinachobaki ni dawa na muda. Bila dawa tunajua ilivyokuwa: mwaka 1941 Skinner na Keefer wa Boston waliandika kuhusu wagonjwa 122 wa stafilokokasi kwenye damu, na asilimia 82 walikufa. Kloksasilini, ambayo mama mdogo alichomwa, ni ya ukoo wa penisilini. Ukoo huo huua bakteria wanaojenga ganda lao, yaani wanaokua na kugawanyika. Waliozama ndani ya damu iliyoganda wamepunguza kasi, wengine wametulia kabisa, na chembe nyeupe hazifiki huko kwa urahisi. Inabidi dawa iwepo kwenye damu kila saa, wiki baada ya wiki, ili kila anayeamka aikute.

Jambo moja la mwisho, kwa yeyote aliye na mgonjwa wodini sasa hivi na anahesabu siku ukutani kwa kalamu. Hesabu ya wiki hizo haianzi siku ya kulazwa, wala siku homa iliposhuka. Inaanza siku ilipochukuliwa ile damu ya kwanza iliyooteshwa isiote kitu. Sisi tulikuwa tumeanzia siku ya kulazwa. Muuguzi wa zamu alichukua kalamu, akafuta alama zetu za mwanzo, akaandika tarehe mpya, na mama mdogo akapiga simu Newala kutafuta kibarua wa kumwokotea korosho.